Mfuko wa Mistari ya Kulala

Siku mifupa ilipoonekana kwenye ukingo wa mto Tarach, Monique alikuwa amekwisha kugombana na watu watatu kabla ya saa nne asubuhi. Wa kwanza alikuwa mteja aliyeleta gauni limechanika kwapani, akadai lilishonwa vibaya, ilhali mwili ndio ulioongezeka. Wa pili alikuwa jirani aliyesogeza dumu lake mbele ya dumu la Monique kwenye foleni ya maji. Wa tatu alikuwa wifi yake, Stéphanie, na kwa huyo hawakuhitaji hata maneno. Walikutana njia ya sokoni Kakuma, kila mmoja akatema mate upande wake, wakapita.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka kumi na mitatu.

Monique alikuwa fundi cherehani, na watu wa kambi ya wakimbizi walimwita Mama Sindano. Jina hilo halikutokana na kazi yake peke yake. Alikuwa na ulimi wa kuchoma, na hakuuficha. Alitoka Uvira, Kongo, pamoja na kakake Anatole. Katika watoto saba wa mama yao, vita viliwabakiza hao wawili. Upole wa wote wawili ulikuwa kwa Anatole. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza, akawa anatembea kama mtu anayeshuka ngazi isiyokwisha. Lakini akifungua kinywa kuimba, watu walisahau mguu. Yeye ndiye aliyeanzisha kwaya ya wanaume ya kanisa lao, watu kumi na wanane, Wakongo, Warundi na Wakenya wachache wa sokoni.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili na kumi, Anatole alitoka nyumbani kwake akasema anakwenda kunyoosha mguu kando ya mto. Hakurudi. Siku ya nne, rafiki yake Boris, aliyeimba sauti ya pili, alifika kwa Stéphanie ameinamisha kichwa. Alisema alikuwa Kalemng'orok, kusini kwenye barabara ya Kitale, kununua mbuzi, akamwona Anatole kwa macho yake anapanda lori la kwenda Kitale, yeye na mwanamke mmoja mweupe mweupe, mwembamba wa kiuno.

Stéphanie alikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na mwanamke aliyekwisha kusemwa sana huamini upesi kwamba ameachwa. Aliamini. Monique hakuamini hata kidogo.

"Mtu mwenye mguu ule," alisema mbele ya watu, "apande lori aniache mimi bila kuniaga? Wewe Stéphanie umemfanya nini ndugu yangu?"

Neno hilo ndilo lililozaa uadui. Stéphanie naye akajibu kwamba Monique anajua alikojificha kakake, na kwamba ndiye aliyemtafutia huyo mwanamke. Wakarushiana maneno mpaka wazee wa kanisa wakachoka kuwasuluhisha. Miaka minne baadaye Stéphanie aliolewa na Boris. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Monique alisimama benchi la tatu.

"Huyu mwanamke ana mume!"

Wazee wawili walimshika mikono wakamtoa nje. Kuanzia siku hiyo hakuna mwanakwaya aliyempelekea hata kifungo cha kukaza. Stéphanie na Boris walihamia makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, wakafungua duka, wakazaa watoto wawili. Boris hakuwahi kumjibu Monique vibaya. Wakikutana humwamkia kwa Kiturkana, "Ejok, dada," kwa sauti ya upole, naye Monique humwona ni mwanamume dhaifu aliyetekwa na mke mwenye kisirani. Chuki yake yote aliielekeza kwa wifi yake.

Asubuhi hiyo basi, mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikiwa zimepungua, Nakuleu alifika kwenye kibanda cha Monique. Alikuwa mwanamke wa Kiturkana aliyemuuzia makaa tangu zamani. Leo hakuwa na gunia kichwani.

"Ejok."

"Ejok. Makaa yangu yako wapi?"

"Makaa hapana. Mto imekula ukingo, huko chini. Imetoa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu ya zamani. Mifupa tu. Lakini nguo iko." Nakuleu alichuchumaa, akachora mchangani kwa kidole mistari miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi. "Suruali yake iko hivi. Mimi nilimwona huyo mtu akiwa hai. Alikuwa ananunua makaa kwangu, anaimba."

Mguu wa Monique ulisimama kwenye kanyagio la cherehani. Hakupiga kelele. Alichukua mtandio wake, akafunga kibanda, akamwambia Nakuleu, "Nipeleke."

Walipofika, polisi walikuwa wamekwisha kukusanya mifupa na kuitia kwenye gunia. Monique akawafuata mpaka kituoni. Kwenye meza alikaa sajini mmoja jina lake Cheruiyot, amechoka na joto na amechoka na wakimbizi.

"Mama, kila mvua ikinyesha mto huu unatapika mifupa. Mingine ya watu walioibiana ng'ombe, mingine ya mbuzi. Rudi nyumbani."

"Mbuzi wa kwenu huvaa suruali?"

Sajini alinyanyuka taratibu. "Unazungumza na nani hivyo?"

"Na wewe. Kuna mwingine hapa?"

Alitolewa nje kwa kusukumwa. Hakwenda mbali. Alileta kigoda chake akakiweka nje ya lango, akakaa juani siku ile nzima na siku ya pili yake, na kila Sajini Cheruiyot alipotoka alimwuliza swali lile lile kwa sauti ya kusikiwa na barabara nzima: "Umefungua gunia?" Sajini alimtishia kumweka ndani. Monique alimwambia amweke, atakuwa karibu zaidi na gunia.

Siku ya tatu lilikuja gari kutoka Lodwar. Alishuka mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya jua, uso umekaza kama ngozi ya ngoma. Alikuwa Inspekta Chepngetich, mpelelezi, amekuja kuchukua mabaki.

"Wewe ndiye unayewasumbua askari?"

"Wao ndio wananisumbua. Wamemtia ndugu yangu kwenye gunia."

"Hujui kama ni ndugu yako."

"Naijua suruali yangu."

"Suruali ziko nyingi." Inspekta alivua miwani. "Nielezee kabla sijafungua. Ukikosea kitu kimoja, unaondoka, na nisikuone tena."

Monique alimtazama usoni. "Ni terilini ya kijivu. Mguu wa kushoto nimeupunguza vidole viwili na nusu, na sikukata kitambaa, nimekikunja ndani mara mbili, maana alitarajia kupewa kiatu cha kuinua mguu. Zipu yake ya kwanza ilikatika nikatia nyingine ya gauni, ya zambarau, kwa kuwa sikuwa na nyeusi. Mfuko wa ndani upande wa kulia nilikata kwenye gunia la unga wa msaada. Ukiugeuza utaona herufi."

Gunia lilifunguliwa juu ya turubai. Pamba huoza, lakini terilini hukataa. Suruali ilikuwa imekakamaa kwa udongo, rangi imekwisha, ila mguu mmoja ulikuwa mfupi na upindo wake umekunjwa mara mbili. Inspekta aliigeuza kwa glavu. Meno ya zipu yalikuwa yameliwa na kutu. Utepe wake ulikuwa wa zambarau. Kwenye mfuko wa ndani zilibaki herufi tatu za buluu.

Sajini Cheruiyot alitazama pembeni. Inspekta Chepngetich hakumpa Monique pole. Alisema tu, "Nitakuandikia barua ya ruhusa ya safari. Keshokutwa uje Lodwar utoe mate yapelekwe maabara Nairobi. Na ulimi huo uuache hapa."

Lodwar, ofisi ya mpelelezi ilikuwa na feni iliyozungusha joto pale pale. Monique alipanguswa ndani ya shavu kwa kijiti, akatia saini karatasi za Kiingereza ambazo Inspekta alimtafsiria kwa haraka kama anayesoma orodha ya sokoni. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma, alimwambia. Mtu huyo alipigwa kwa kitu kizito, kisha akafukiwa. Hakujizika mwenyewe.

"Kuna kitu kingine," Inspekta alisema. Alifunua karatasi ya kaki. "Nilirudi ukingoni nikachimba, mkono wa kulia ulikuwa bado udongoni. Kilikuwa chini ya mifupa yake, kimegandamana na udongo. Si sehemu ya nguo za marehemu. Shati lake mwenyewe lilikuwa la pamba, limebaki vifungo tu."

Juu ya karatasi kulikuwa na kipande cha kitambaa cha terilini, ukubwa wa kiganja. Kilikuwa kimeoshwa. Rangi ya samawati ilikuwa imepauka, lakini mistari myeupe ilionekana, imesimama wima. Ulikuwa mfuko wa shati, umenyofolewa kwa nguvu. Kwenye pembe moja uling'oka na ulimi mdogo wa kitambaa cha shati lenyewe, kama ukucha unavyotoka na nyama.

Monique alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Unaujua?"

"Ni shati la kwaya. Niliyashona mimi, yote kumi na manane. Yalitolewa Pasaka ya mwaka ule."

"Kumi na manane." Inspekta aliandika. "Basi nina washukiwa kumi na saba."

Kichwani mwa Monique ilikuwa imefunguka Jumanne moja ambayo hakuwahi kuikumbuka, kwa kuwa haikuwa na jambo la kukumbukwa. Ilikuwa siku ya tatu tangu Anatole atoweke. Yeye alikuwa hajalala, macho yamevimba, na mtu aliingia kibandani na shati la kwaya mkononi, halina mfuko. Alisema alinaswa na mwiba wa mgunga akifukuza mbuzi. Jumapili wangeimba, asingeweza kusimama mbele ya watu hivyo. Monique alimgombeza kwa uzembe. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, hakikubaki hata cha kiraka. Akakata mkia wa shati, pale panapoingia ndani ya suruali, apate mfuko. Lakini mkia ulikuwa mwembamba, na mfuko haukuenea mpaka aulaze. Mistari ya shati ikawa imesimama, ya mfuko imelala. Aliona haya, kwa kuwa fundi wa kweli hafanyi hivyo. Nyuma ya tundu alitia kiraka, akakaza kwa mkono. Yule mtu alisema, "Haidhuru, dada. Mungu akubariki." Kesho yake, ndiyo, kesho yake yule mtu alikwenda kwa Stéphanie na habari za lori la Kitale.

"Boris," alisema.

Alieleza yote. Alipomaliza, Inspekta Chepngetich aliweka kalamu chini.

"Unajua wakili wake atasema nini? Kwamba umemchukia mtu huyu na mke wake miaka kumi na mitatu, mpaka kanisani ulitolewa. Leo unaniletea hadithi ya mfuko ambayo hakuna aliyeiona ila wewe. Atakutafuna mbichi."

"Hadithi? Mimi nilimshonea!" Monique alipiga meza kwa kiganja. "Mikono hii! Damu ya ndugu yangu haijakauka, nami namrembesha muuaji wake ili akaimbe!"

"Keti."

"Siketi!"

"Keti, au nikufungie nje nitafute mwenyewe." Inspekta alingoja mpaka Monique akakaa. "Nataka kitu nitakachokishika mkononi. Kuna picha? Shati lenyewe liko wapi?"

Picha ilikuwapo. Mwezi wa nane mwaka ule kwaya ilikwenda Lodwar kwenye mashindano, ikapigwa picha studio. Monique alijua ilipotundikwa kwa sababu aliwahi kuiona kupitia mlango wa nyumba ya Stéphanie uliokuwa wazi, kabla mlango haujafungwa usoni pake.

Wiki sita baadaye, majibu ya maabara yalipotoka, walifika Kalobeyei saa tano asubuhi, Inspekta, askari wawili na Monique, ambaye aliagizwa asitie neno. Boris alikuwa amekwenda Lodwar kuchukua bidhaa. Stéphanie alikuwa akipanga sabuni kwenye rafu. Alipomwona wifi yake nyuma ya askari, uso ulimbadilika.

"Huyu haingii kwangu."

"Anaingia na mimi," Inspekta alisema. "Mama, mabaki ya mume wako wa kwanza yamepatikana. Maabara imethibitisha."

Stéphanie alishika rafu. Kipande kimoja cha sabuni kilianguka, hakukiokota. Alitazama sakafu, na alipoinua macho hayakuwa na machozi. Yalikuwa na hasira tupu, nayo aliielekeza kwa Monique.

"Umefurahi? Miaka yote unatangaza kwamba nimemuua. Sasa umeniletea polisi mpaka mbele ya wateja wangu."

"Ningefurahi ungekuwa wewe," Monique alisema. "Kwa miaka kumi na mitatu niliomba uwe wewe."

"Nilisema usitie neno!" Inspekta alifoka. Kisha akamgeukia Stéphanie. "Naomba ile picha."

Ilikuwa ukutani, ndani, juu ya televisheni. Wanaume kumi na saba kwa mistari mitatu, mashati yao ya samawati yamepigwa pasi, mikono nyuma. Boris alisimama katikati mbele, mahali pa kiongozi, palipokuwa pa Anatole. Inspekta aliitoa kwenye kioo, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Mifuko kumi na sita ilikuwa na mistari ya kusimama, imeungana na ya shati hata usingeona ulipo mfuko. Mmoja ulionekana kama dirisha. Mistari yake ilikuwa imelala.

"Mwambie ulichoniambia," Inspekta alimwamuru Monique. "Kwa ufupi, bila matusi."

Monique akasema. Mwiba, mbuzi, Jumanne, mkia wa shati. Kisha akasema ule mfuko wa kwanza ulikutwa wapi, chini ya mkono wa nani.

"Mwongo," Stéphanie alisema. Lakini aliisogelea picha. Aliinama juu yake mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Mwongo wewe. Jumamosi ile Boris alikuwa Kalemng'orok. Alinunua mbuzi huko."

"Alirudi na mbuzi wangapi?" Inspekta aliuliza.

Stéphanie aliinua mkono kuhesabu kwa vidole, akaushusha bila kukunjua hata kimoja. Nje mwendesha pikipiki alipiga honi akitaka sigara, hakuna aliyemwitikia.

"Shati liko wapi, mama?"

"Nililichoma. Yote ya zamani nilichoma."

Inspekta alinyoosha mkono, akangoja. Stéphanie alisimama hapo, mikono kiunoni, akihema. Halafu aligeuka, akaingia chumbani, wakasikia sanduku linaburutwa chini ya kitanda. Alirudi na shati la samawati limekunjwa, linanuka dawa ya nondo. Hakumpa Inspekta. Alimtupia Monique, likampiga usoni.

"Chukua! La Anatole ndilo nililolichoma, kwa hasira, nikaacha hili. Wewe unamwita Boris muuaji, mimi unaniita malaya, na mfuko nani aliushona? Nani aliushona, Monique? Laiti ungemwuliza swali moja tu siku ile, wewe unayemuuliza kila mtu maswali!"

Mama Sindano alisimama na shati mikononi, kidole gumba kinagusa mshono wake mwenyewe, mpaka askari akalichukua akalitia kwenye bahasha.

Boris alikamatwa mchana huo huo Lodwar, akipakia mchele. Hakukimbia. Aliomba tu afungiwe mzigo wake usinyeshewe.

Kesi ilichukua mwaka na miezi. Sokoni watu walikuwa na lao. Wengine walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakacheka. Washirika wa kanisa walimwona Monique ndiye aliyewaharibia jina. Mawe mawili yalitupwa juu ya bati la kibanda chake, na mtu akaandika kwa makaa mlangoni neno ambalo alilifuta kwa mchanga. Duka la Kalobeyei nalo likakosa wateja. Stéphanie alifunga, akawapeleka watoto shule nyingine, ambako hawakujulikana.

Mahakamani Lodwar, wakili wa Boris alimfanyia Monique vile vile Inspekta alivyotabiri.

"Shahidi, ni kweli ulitolewa kwenye arusi ya mshtakiwa?"

"Kweli."

"Ni kweli ulisema hadharani kwamba mke wake ndiye muuaji?"

"Kweli. Nilikosea mtu. Nyumba sikukosea."

Watu waliguna. Jaji aliwanyamazisha.

"Unadai mshono huu ni wako. Mshono una jina?"

"Wangu unalo. Mimi ni wa shoto. Nikikaza kwa mkono, uzi unalala kuelekea huku," alionyesha kwa kidole, "na wa watu wengine unalala kule. Niletee sindano nikushonee hapa hapa."

"Watu wa shoto ni wengi, mama."

"Basi walete."

Lakini si ulimi wa Monique uliomaliza kesi. Mtaalamu kutoka maabara ya Nairobi alifumua mfuko wa mistari ya kulala mbele ya jaji, uzi mmoja mmoja, akatoa kiraka cha nyuma. Chini yake kulikuwa na tundu dogo lenye kingo zilizochanika ovyo, na kulizunguka, matundu ya sindano ya mfuko wa kwanza. Akauchukua ule mfuko uliotoka mtoni akauweka juu. Matundu yakafuatana. Ule ulimi mdogo wa kitambaa kwenye pembe ukaingia kwenye tundu la shati, mstari mweupe ukaungana na mstari mweupe. Picha zake zilikuzwa zikaonyeshwa ukutani. Chumba kizima kilisikika kikivuta pumzi.

Boris alipopanda kizimbani alibadilisha maneno. Ndiyo, alikuwa mtoni. Anatole alimwita huko amwonye aache kumzungukia mke wake. Walishikana. Anatole alimkamata shati akamtikisa, akamwita mbwa. Jiwe lilikuwa karibu.

"Sikukusudia," alisema. "Alikuwa amenishika kifuani, hataki kuniachia. Hata alipoanguka, aliondoka na kile kipande. Nilikitafuta sikukiona."

"Ulikuwa nyuma yake, na yeye ana mguu mfupi," mwendesha mashtaka alisema. "Fuvu limepasuka kisogoni. Alikushika kifuani kwa kisogo?"

Boris aliomba maji.

Stéphanie alikaa kiti cha nyuma kabisa, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Monique alikaa kiti cha mbele. Katika siku zote za kesi hawakusalimiana. Hukumu ilikuwa miaka thelathini. Boris alipopitishwa karibu na benchi la Monique, pingu mikononi, alipunguza mwendo. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

"Uliushona vizuri ule mfuko, dada. Haukufumuka hata siku moja."

Monique alimrukia. Askari wawili walimzuia, akatolewa nje ya mahakama kama alivyotolewa kanisani, akipiga mateke, akitukana kwa lugha zote alizojaliwa. Inspekta Chepngetich alimkuta amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja hakipo. Alimletea kile kiatu, akakiweka chini karibu naye, akaenda zake.

Anatole alizikwa Kakuma mwezi wa pili, asubuhi. Wanaume wanne wa ile kwaya walikuja na majembe. Mmoja aliuliza kama wanaweza kuimba. Monique alisema wachimbe tu. Walichimba. Nakuleu alikuja na wanawake wawili wa kwao, wakaokota mawe wakayapanga juu ya kaburi bila kuombwa.

Stéphanie alifika watu wakiwa wanatawanyika. Alikuwa peke yake. Alisimama upande wa pili wa kaburi, mbali kiasi kwamba ilibidi wapaze sauti kidogo.

"Alikuwa amelalaje?" aliuliza.

Monique alikung'uta mchanga kwenye kanga. "Nakuleu anasema kifudifudi. Mkono wa kulia chini ya tumbo, umefumbwa."

Stéphanie aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea barua aliyoingoja. "Sikuwahi kumpa Boris neno. Wakati Anatole yupo, sikuwahi. Hutaamini."

"Siamini."

"Usiamini." Alivuta kitambaa chake. "Na mimi sitakusamehe ule mfuko. Najua hukujua. Sikusamehei hata hivyo."

"Sikukuomba."

Upepo uliinua vumbi kati yao. Stéphanie alitazama mawe, akasema kwa sauti ya chini ambayo Monique hakuizoea. "Watoto wangu wanauliza baba yao yuko wapi. Niwaambie nini?"

Monique alitafuta neno la kumchoma. Alikuwa nayo mengi. Aliyaweka akiba miaka yote hiyo kwa ajili ya siku kama hii. Aliyapitia moja moja na kila moja lilikuwa limeshikamana na watoto wasiomjua Anatole wala mto.

"Sijui," alisema.

Stéphanie aligeuka, akashika njia ya Kalobeyei kwa miguu, naye Monique akabaki akimsaidia Nakuleu kubeba jiwe la mwisho, zito, ambalo mtu mmoja asingeliweza.